Mwenye Jengo la Mtaa wa Albert ni Jiji la Johannesburg

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, moto uliteketeza jengo la Usindiso, namba 80 Mtaa wa Albert, eneo la Marshalltown katikati ya Johannesburg. Watu 76 walikufa, watoto wakiwemo. Katika ghorofa zake tano waliishi wazawa wa Afrika Kusini waliokuja mjini kutafuta kazi, pamoja na Wamalawi, Wazimbabwe, Wamsumbiji na Watanzania wenzetu. Kabla hata miili haijatambuliwa yote, mjadala ulikuwa umeshageukia makaratasi: nani alikuwa na kibali, nani hakuwa nacho. Waziri katika Ofisi ya Rais, Khumbudzo Ntshavheni, alisema serikali haiwezi kuwapa nyumba wahamiaji walioingia nchini kinyume cha sheria. Kwa maoni yangu, mjadala ule ulianzia pasipo pake. Wajibu wa kuwakinga watu na moto ni wa mwenye jengo, na wajibu huo hauongezeki wala haupungui kwa pasipoti ya anayelala ndani. Mwenye jengo lile ni Jiji la Johannesburg.

Hilo limeshathibitishwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sisi Khampepe, jaji mstaafu wa Mahakama ya Katiba, ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake Mei 2024, ikaeleza kuwa Jiji na kampuni yake ya kusimamia mali, Johannesburg Property Company, walijua hali ya jengo tangu angalau mwaka 2019 na hawakuchukua hatua. Ndani, kumbi zilikuwa zimegawanywa kwa mbao, kadibodi na mapazia hadi zikawa msururu wa vibanda. Umeme ulikuwa wa vishoka, yaani wa kuunganishwa kinyemela. Vifaa vya kuzimia moto havikuwepo. Moto ulipozuka, waliokimbilia chini walikuta geti limefungwa, na wa ghorofa za juu wakaruka madirishani. Januari 2024 mtu mmoja alijitokeza mbele ya tume akadai kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha moto. Lakini aliyewasha kiberiti, awe nani, haelezi kwa nini watu 76 walishindwa kutoka. Moto unaweza kuanza kwa mshumaa, kwa jiko la mafuta ya taa au kwa mkono wa mhalifu, na ndiyo sababu sheria inamtaka mwenye jengo aweke njia ya kutokea kabla hajajua utaanza kwa kipi.

Wapo wanaodai kuwa Jiji halikuwa na uwezo wa kuingia mle ndani. Liliingia. Oktoba 2019 maofisa walifanya msako katika jengo hilo na wageni wapatao 140 wakakamatwa. Kwa hiyo dola ilipanda ngazi zile, ikaviona vibanda, ikapita kwenye kuta zisizo na mitungi ya kuzimia moto, na ilichotoka nacho ni watu. Jambo hili linauma zaidi ukikumbuka historia ya jengo lenyewe. Enzi za ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi kuu ya pasi, mahali ambapo mtu mweusi alipanga foleni ili aruhusiwe kufanya kazi katika jiji lililojengwa kwa jasho lake. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, ila mazoea ya kumkagua maskini makaratasi kwanza, na kuuliza baadaye kama ana maji na mlango wa dharura, yamebaki.

Kwa nini mtu akubali kuishi mahali kama pale? Tufanye hesabu. Mwaka ule wa moto, kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kilikuwa randi 25.42 kwa saa. Anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, bila kukosa hata siku moja, hafikishi randi 5,000 kwa mwezi, na hapo hajala, hajapanda teksi, hajatuma chochote nyumbani. Muuza mitumba, mlinzi wa magari au dada wa kazi za ndani mara nyingi hakifikii hata kima hicho. Nyumba za serikali zilizojengwa tangu 1994 ni nyingi, na nchi hiyo inastahili sifa kwa kazi hiyo, ila kwa sehemu kubwa zipo pembezoni, mbali na kazi. Wakati huohuo matajiri waliihama katikati ya jiji, hata soko la hisa lenyewe likahamia kitongoji cha Sandton mwaka 2000. Majengo yakatelekezwa, yakatekwa na wahuni wanaokusanya kodi kwa vitisho. Kijana wa Kitanzania aliyeifuata Bondeni, yaani Afrika Kusini, baada ya kusikia habari za neema anaishia kumlipa mtu asiye na hati ya jengo, kwa sababu mwenye hati hana chumba ambacho kijana huyo anakimudu.

Pingamizi linalosikika sana kutoka kwa wanasiasa ni kwamba mahakama na mashirika ya haki za binadamu yamelifunga Jiji mikono, kwani haliwezi kumhamisha mtu bila kumtafutia pa kwenda. Ni kweli Katiba ya 1996, ibara ya 26, inakataza kumtoa mtu kwenye makazi yake bila amri ya mahakama. Na katika kesi ya Blue Moonlight ya mwaka 2011, Mahakama ya Katiba iliamuru Jiji liwape hifadhi ya muda wapangaji maskini waliokuwa wanaondolewa katika jengo la mtu binafsi. Lakini hakuna jaji aliyewahi kukataza kutundika mtungi wa kuzimia moto ukutani. Tena Jiji lilipotekeleza amri hiyo, liliwapeleka baadhi ya watu hao katika hosteli iliyotenganisha wanaume na wanawake na kuwafungia nje tangu saa 2 asubuhi hadi saa 11:30 jioni. Mlinzi wa usiku alale wapi mchana? Ikabidi warudi mahakamani, na mwaka 2017 masharti hayo yakabatilishwa.

Pingamizi la pili lina uzito, na sitalidharau: wananchi wa Afrika Kusini wenyewe wamesubiri nyumba kwa miaka mingi, iweje mgeni atangulie? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Nyumba ya kudumu ya ruzuku inatolewa kwa raia na wakaazi wa kudumu, na sioni ubaya wa foleni hiyo kulindwa. Mlango wa dharura ni jambo jingine kabisa. Hakuna namna ya kuuweka kwa ajili ya raia peke yao, na ukikosekana, raia naye anaungua. Ndivyo ilivyokuwa Mtaa wa Albert. Katika ghasia za Mei 2008 zilizoanzia kitongoji cha Alexandra kwa jina la kufukuza wageni, waliouawa walikuwa 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Kila mara unyonge wa mgeni unapotumiwa kama kisingizio, mzawa maskini anayeishi jirani yake analipa pia.

Na anayedhani kuwa hatari ile ililetwa na wakaaji aliangalie jengo la Bank of Lisbon, mitaa michache kutoka hapo. Septemba 5, 2018, lilishika moto na wazimamoto 3 wakafa. Humo hamkuwa na wahamiaji wala vishoka. Zilikuwa ofisi za serikali ya jimbo la Gauteng, ikiwemo idara ya makazi, na ilibainika kuwa jengo lilitimiza asilimia 21 tu ya masharti ya usalama, wakati kiwango kinachotakiwa ni 85. Uzembe huo ulikuwepo hata pale ambapo kila aliyeingia alikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni.

Jiji la Johannesburg lianze na majengo yaliyo mikononi mwake: likague kila ghorofa, liyafungue mageti, lirejeshe maji na mitungi ya kuzimia moto, kisha ndipo lizungumze na wakaaji juu ya kuhama. Liwalipe fidia jamaa za waliokufa bila kuwauliza wametoka nchi gani. Nasi tuna la kufanya. Serikali za Dodoma, Nairobi na Kinshasa zina balozi Afrika Kusini; balozi hizo ziende maeneo ya Johannesburg kama Hillbrow, Yeoville na Marshalltown kuwaandikisha watu wao na kuwapa hati wangali hai, zisisubiri kuitwa kutambua miili.