"Kawia Ufike" Si Hoja: Fidia ya Abiria na Wajibu wa Wana-Kiswahili

Wahenga walinena, "Kawia ufike." Methali hii humwasa msafiri asifanye pupa akajitia hatarini. Ajabu ni kwamba imegeuzwa kuwa ngao ya makampuni ya ndege. Safari icheleweshwapo kwa saa sita, au ifutwapo kabisa, abiria huambiwa amshukuru Mungu kwa kuwa yu hai. Naye, kwa ustaarabu aliolelewa nao, hunyamaza. Kwa maoni yangu, kimya hicho hakitokani na subira pekee. Kinatokana pia na lugha.

Tuyatazame matangazo ya viwanjani. Kiswahili hutumiwa kuomba radhi kwa usumbufu. Masharti ya tiketi, ambamo haki imejificha, huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukisoma akikunja uso. Hivyo basi, abiria huombwa radhi kwa lugha aielewayo na kunyimwa fidia kwa lugha asiyoielewa. Radhi ni adabu, fidia ni haki, na mkono mtupu haulambwi.

Haki yenyewe ipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma bora, maelezo ya kumwezesha kufaidi huduma hiyo, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaiwajibisha kampuni kwa hasara iletwayo na ucheleweshaji, isipokuwa ithibitishe kwamba ilichukua kila hatua ifaayo kuizuia. Lakini abiria sharti aionyeshe hasara hiyo kwa stakabadhi, na afungue kesi kabla ya miaka 2 kupita.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi. Kanuni yake ya mwaka 2004 iliweka viwango maalumu vya fidia, hadi euro 600 kwa safari ndefu. Na mwaka 2009 mahakama yake ikaamua kwamba kuchelewa kufika kwa saa 3 au zaidi nako kunastahili fidia. Mkenya atokaye Nairobi kwenda Paris kwa ndege ya kampuni ya Ulaya analindwa na kanuni hiyo. Akisafiri kwa kampuni isiyo ya Ulaya, halindwi aendapo, ila hulindwa arudipo, kwa kuwa safari imeanzia Ulaya. Ni wangapi miongoni mwetu wanaolijua hilo?

Wapo watakaodai kwamba ndege ni chombo cha wenye nazo. La hasha! Yaya aendaye Ghuba kwa nauli ya mkopo, na mgonjwa aendaye India kutibiwa, nao ni abiria. Wengine watasema kwamba rubani hawezi kushindana na dhoruba. Kweli, na sheria hizo hazimlazimishi. Huisamehe kampuni iliyokumbwa na jambo lisiloepukika. Zinachokataa ni kampuni kujitolea msamaha yenyewe bila ya kuthibitisha lolote.

Hapa ndipo sisi wana-Kiswahili tunapohusika. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kuandika barua ya madai ni rasmi kwa jina tu. Vyama vyetu vimezoea kujadili istilahi za isimu na fasihi. Na vitafsiri pia masharti ya tiketi, vikibainisha tofauti ya kurejeshewa nauli, kupewa chakula na malazi, na kulipwa fidia. Mambo haya ni matatu, na abiria aliyepewa la kwanza au la pili hajapoteza la tatu kwa sababu hiyo pekee.

Vilevile tuandae barua ya mfano, ya ukurasa mmoja, itakayomwelekeza abiria ataje nambari ya safari, saa aliyoahidiwa na aliyofika, sababu aliyopewa, gharama alizoingia na kiasi anachodai. Wanafunzi wa sheria waihakiki, nasi tuisanifu lugha yake. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala kongamano, na inaweza kukamilika kabla ya muhula huu kwisha.