Ziara ya shule haianzi ndani ya basi

Muhula wa pili hufunguliwa Julai, wakati wa kipupwe. Milima ya Uluguru huamka imefunikwa ukungu, na Dumila, chini kwenye tambarare, ni upepo wa asubuhi na sweta ambalo mtoto hulivua saa nne na kulisahau dawatini. Ndio wakati ambao wazazi wa shule za msingi hupata ujumbe mmoja wanaoujua vizuri. Huja kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari, au kwenye kundi la WhatsApp la darasa: watoto watakwenda Nanenane Morogoro, nauli na chakula ni kiasi fulani, mwisho wa kulipa ni Ijumaa.

Kwa mzazi mwenye watoto watatu shule moja, hiyo si taarifa, ni mtihani. Mahindi ndiyo kwanza yametoka shambani na bei iko chini. Sare ya mmoja imechanika. Mtoto naye ameshaanza kuhesabu siku.

Safari yenyewe haina ubaya. Viwanja vya Nanenane vya Kanda ya Mashariki viko mjini Morogoro, na huko hukutana wakulima, wafugaji na wavuvi wa Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, wiki ya kwanza ya Agosti hadi kilele tarehe 8. Kutoka Dumila ni kama kilometa 70 za lami. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kiko mji huo huo. Kwa mtoto ambaye kwao wanalima nyanya, kuona kipando cha nyanya kinachomwagiliwa kwa matone, bwawa la samaki lenye ukubwa wa chumba, au mbuzi wa maziwa anayekamuliwa, kunaweza kumfundisha zaidi ya michoro ya kwenye kitabu.

Tatizo ni namna safari nyingi zinavyofanyika. Watoto themanini, walimu watatu. Wanashushwa, wanapangwa mistari, wanapitishwa banda kwa banda wakishikana mashati wasipotee. Saa nane wamechoka, wanataka soda. Jioni wanarudi na kofia ya karatasi na kipeperushi ambacho hakuna aliyekisoma. Hayo ni matembezi, na matembezi si dhambi, mtoto anastahili kutembea. Ila mzazi aliyeuza kuku ili mtoto aende aliambiwa ni ziara ya mafunzo.

Tofauti kati ya hayo mawili haihitaji fedha. Inahitaji swali moja. Darasa likigawanywa makundi ya watoto saba au wanane, kila kundi likapewa jambo moja la kuuliza, mambo hubadilika. Hili liulize mbegu ile ya mahindi inakomaa baada ya siku ngapi. Lile liulize kuku wale wanapewa chanjo gani na lini. Lingine liulize maji ya kumwagilia yanatoka wapi na yanatumika kiasi gani. Mtoto anayetafuta jibu hapotei ovyo, maana ana kazi. Na akirudi na jibu la mbegu au chanjo, baba yake mkulima ana la kumuuliza pia. Hapo nauli imerudi nyumbani.

Hata njia yenyewe ni darasa, kama mwalimu akisimama dakika tano ndani ya basi. Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, watoto wa darasa la tatu kuendelea wanaingizwa hatua kwa hatua kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sasa, barabara ya Dumila kwenda Morogoro inapita Dakawa. Ni eneo hilo ambako tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari akitokea Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mtoto wa Dumila amelisikia jina la Sokoine kwenye chuo, lakini huenda hajawahi kuambiwa kwamba habari hiyo ilitokea kwenye barabara anayopita akienda kwa shangazi yake mjini.

Dakawa hiyo hiyo iliwapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC. Mazimbu, pembeni ya mji wa Morogoro, walijenga shule kwenye lililokuwa shamba la mkonge na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 maeneo hayo yalikabidhiwa Tanzania, na Mazimbu leo ni kampasi ya SUA. Watoto wa umri wa hawa wa Dumila walisoma pale, mbali na kwao, kwa sababu kwao hawakuruhusiwa kuwa watu kamili. Mwalimu akilisema hilo basi likiwa linapita, halihitaji maelezo marefu.

Sasa lirudi suala la wale ambao hawakwenda.

Jumatatu baada ya ziara, kazi ya kwanza ya Kiswahili huwa insha: “Ziara yetu ya Nanenane”. Watoto kumi na wawili wa darasa hilo hawakupanda basi. Wanaandika nini? Wengine hutunga, wakiazima simulizi za wenzao. Wengine huinamia daftari mpaka kengele. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na mwongozo wa serikali uko wazi kwamba mtoto asizuiwe masomo kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Ziara haihesabiki kuwa kipindi cha darasani, hivyo shule haijavunja kitu. Lakini insha ni kipindi cha darasani, na mtoto yule amekaa ndani yake bila cha kuandika. Hili kamati za shule hulipita haraka mno kwenye vikao.

Zipo shule zinazoanza kukusanya mapema, kidogo kidogo, au kumruhusu mzazi alete debe la mahindi badala ya fedha taslimu. Ni utaratibu mzuri, kwani Julai mahindi yapo nyumbani hata kama fedha hazipo. Lakini hata hivyo watabaki watoto wachache. Kwa ajili yao, na kwa kweli kwa ajili ya darasa zima, ziara ya kwanza ya muhula ingefaa iwe ya miguu.

Dumila ni njia panda. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapo mchana na usiku, na barabara ya Kilosa inachepuka hapo hapo. Soko lake linalisha miji. Watu husimamisha basi kununua nyanya na vitunguu. Mtoto wa hapo amezaliwa katikati ya somo la Hisabati na la Jiografia, ila amezoea kuliona kama kelele.

Chukua lumbesa. Kila mtoto Dumila ameliona gunia lililoongezewa kilemba juu na kufumwa kwa kamba mpaka likawa kama mtu aliyevaa kofia mbili. Sheria ya Vipimo inalikataza, na Wakala wa Vipimo husema mara kwa mara kwamba gunia lisizidi kilo 100. Bado lipo. Darasa la tano likienda sokoni asubuhi na madaftari, swali lake ni hili: gunia la kawaida ni debe sita, mnunuzi akitaka debe saba kwa bei ya sita, mkulima amepoteza sehemu gani ya mzigo wake? Moja ya saba. Akiuza magunia kumi ya namna hiyo, ametoa debe kumi bure, zaidi ya gunia moja na nusu. Ni hesabu ya sehemu, ile ile inayowatoa jasho watoto ubaoni wakigawana machungwa ya kufikirika. Tofauti ni kwamba sokoni mahindi yale ni ya mama yake.

Wapo wazazi watakaosema hayo si mambo ya watoto, kwamba dalali atakasirika. Ni kweli mwalimu anapaswa kuomba ruhusa kwa uongozi wa soko na kuchagua saa ambayo hakuna pilika za kupakia. Lakini mtoto anayejua kukokotoa lumbesa akiwa na miaka kumi na moja ni msaada nyumbani msimu huo huo. Hasubiri kukua.

Ziara ya pili ya miguu ni daraja la mto Mkundi. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma hapo, magari yakakwama pande zote mbili, na familia nyingi za Dumila na Magole zikapoteza nyumba, vyakula na mifugo. Watoto walio darasa la tatu na la nne leo hawakuwa wamezaliwa. Wazazi wao walikuwepo, na wengi wana cha kusimulia ambacho hawajawahi kuulizwa.

Kipupwe ndicho kipindi cha kuutazama mto huo, maji yakiwa yamepungua na kingo zinaonekana. Watoto husimama mahali salama, mbali na magari, hawashuki majini. Wanaangalia mchanga ulioachwa, miti iliyong'olewa mizizi, mahali ambapo ukingo umeliwa. Mwalimu anaeleza kwamba mvua inayonyesha milimani, huku Dumila kukiwa na jua, ndiyo inayoujaza mto huu, kwamba maji haya yanaingia Wami na kumwagika Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Halafu kazi ya nyumbani: muulize mtu mzima mmoja maji yalifika wapi, alikimbilia wapi, na nini alitamani angekuwa amekibeba. Majibu yakisomwa darasani, shule inakuwa imepata kitu kingine pia, ramani ya sehemu za juu ambako watu walisalimika. Masika yatarudi, na mtoto anayejua akimbilie upande gani ana heri kuliko aliyekariri maana ya neno mafuriko.

Na kama lazima kuwe na gari, hakuna haja ya kwenda mbali sana. Kiwanda cha sukari cha Mkulazi kiko Mbigiri, jirani, kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 2024 kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani 50,000 kwa mwaka. Msimu wa kuvuna miwa nao huangukia miezi hii ya ukavu. Kuona muwa ukiingia upande mmoja na makapi yake yakichomwa kupata mvuke wa kuendesha mitambo ni somo la Sayansi lenye harufu na joto. Viwanda huwa na masharti yao kuhusu watoto, kwa hiyo barua ya kuomba iandikwe wiki kadhaa kabla.

Mikumi na treni ya umeme ya kupanda Kilosa vitabaki ndoto za kila darasa. Visubiri zamu yao.

Kuna madarasa mawili ambayo kwa kawaida hayaendi popote muhula huu. La saba lina mtihani wa taifa Septemba. La nne lina upimaji wake baada ya hapo. Watoto hao huingia shule gizani na kutoka jioni, sweta likiwa bado mwilini. La saba linaeleweka. Lakini kumfungia mtoto wa miaka kumi wa darasa la nne kwa maswali ya kuchagua kuanzia Julai, wakati nusu ya anayoulizwa yako sokoni na mtoni umbali wa kutembea, ni kumchosha bila sababu. Asubuhi moja ya Ijumaa haitamfelisha.

Kwa wale watakaopanda basi, mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini ruhusa. Tarehe 6 Mei 2017 wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa Karatu wakiwa safarini kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema, na wazazi wengi hawajaisahau asubuhi ile. Kuuliza basi ni la nani, limekaguliwa lini, watoto wangapi kwa kiti kimoja, na kama watarudi kabla ya giza si kumdharau mwalimu. Mwalimu makini hufurahi kuulizwa, kwa sababu anapata nguvu ya kumkatalia mwenye basi anayetaka kujaza.

Siku zinazofaa kwa darasa ni zile za mwanzo, tarehe 2 au 3 Agosti, kabla umati wa kilele haujafika. Sweta kwa ajili ya asubuhi, maji ya kunywa, chakula kilichofungwa nyumbani kinatosha kuliko chipsi za uwanjani. Orodha ya majina ibaki nakala moja shuleni. Na mzazi mmoja aliyebaki Dumila awe na namba ya dereva, si ya mwalimu peke yake, maana ikifika saa kumi jioni simu ya mwalimu huwa imeisha chaji kwa kupiga picha.