Sheria ya Plastiki Inapofika Ziwani

Katika mwalo wa Rubona kwenye Ziwa Kivu, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, mnunuzi wa samaki wadogo wa sambaza huja na ndoo au kikapu chake. Mfuko wa plastiki ni marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vyombo vingine vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. Hakuna mkataba wa dunia ulioilazimisha Kigali. Kinyume chake, Rwanda ndiyo iliyokwenda kuupigania: Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio, lililotokana na rasimu ya Rwanda na Peru, la kuandaa mkataba wenye nguvu ya kisheria dhidi ya uchafuzi wa plastiki.

Wengi wetu tunaishuku mikataba kwa sababu huonekana kushushwa kutoka Geneva au New York. Shaka hiyo ina msingi. Katiba ya Rwanda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, huuweka mkataba ulioridhiwa juu ya sheria za kawaida za Bunge. Kilichosainiwa ugenini kinaweza kumfuata mchuuzi hadi gengeni kwake, na ana haki ya kuuliza nani alikiandika.

Lakini tazama nani anabeba mzigo pale ambapo mkataba haupo. Anayekamatwa Gisenyi, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo (DRC), na mifuko aliyoificha ndani ya nguo mara nyingi ni mwanamke wa biashara ndogo ndogo. Anapoteza mtaji wake. Kiwanda kilichoitengeneza mifuko hiyo, nchi nyingine kabisa, hakiguswi. Sheria ya taifa haina mkono mrefu wa kukifikia. Ndiyo maana kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mazungumzo ya Busan, mwishoni mwa 2024, na ya Geneva, Agosti 2025, yalivunjika hasa juu ya suala la kuweka ukomo wa uzalishaji, ambalo nchi zenye mafuta zililipinga.

Kivu nalo halingoji. Maji yake hutiririka nje kwa mto Ruzizi unaoanzia Bukavu, upande wa Kongo, na kwenye bwawa la Ruzizi I taka za plastiki zilizosombwa na mvua hujazana hadi kuziba mitambo. Umeme wa Bukavu umewahi kukatika kwa sababu hiyo. Kongo pia ilipiga marufuku mifuko, kwa amri ya Desemba 2017. Marufuku ipo pande zote mbili, na taka zinaendelea kuelea. Tangu waasi wa M23 waiteke Goma, mji wa Kongo unaopakana na Gisenyi, Januari 2025, hata kupata ofisa wa kukaa naye mezani ng'ambo ya mpaka ni kazi ngumu.

Hata hivyo, mfano upo Rubona penyewe: chupa ya kioo ya bia ya kampuni ya Bralirwa hurudi kwenye kreti yake kwa sababu ina thamani mkononi mwa anayeirudisha. Chupa ya plastiki ya maji ikishatumika haina mwenyewe. Rwanda, Burundi na Kongo tayari zinagawana umeme wa bwawa la Ruzizi II, kwa hiyo zina sababu ya kukubaliana, bila kusubiri Geneva, kwamba watengenezaji na waagizaji wa chupa hizo walipie amana, na fedha hizo zilipe wazoa taka wa Kivu kabla plastiki haijafika bwawani.