Mezani pa redio aachiwe kiti mchukuzi wa Kariakoo

SAFU: KUTOKA MNAZI MMOJA
Na Salma Kibwana

Maradhi yakiingia mjini, redio huwafikia watu kabla ya daktari. Katika Mtaa wa Kongo inalia juu ya kabati la duka la vitenge, kwa mama lishe inalia pembeni ya jiko la mkaa, na ndani ya daladala dereva hupandisha sauti taarifa ya habari inapoanza. Kwa hiyo anayeamua nani aalikwe kwenye mjadala wa redio wakati wa janga ana dhamana kubwa kuliko tunavyodhani. Wakati wa korona dhamana hiyo tuliibeba nusu, na tusipojirekebisha tukiwa wazima, janga lijalo litatukuta palepale.

Tukumbushane. Machi 16, 2020, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania, msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, akatangaza kufungwa kwa shule. Ndoo zenye koki zikapangwa milangoni mwa maduka, watu wakahimizwa kunawa kwa sabuni na maji tiririka, daladala zikaamriwa kubeba “level siti”. Madaktari wakaingia studio kutufundisha kunawa, kukohoa na kukaa mbalimbali. Walifanya kazi njema, na wanastahili shukrani.

Lakini Soko la Kariakoo halikufungwa, nalo lilikuwa na maswali yake. Mchukuzi hulipwa kwa mzigo: asiposhusha gunia, jioni hana cha kupeleka nyumbani. Aliposikia “kaa mita moja na mwenzako”, alitaka kujua mita hiyo ataipata wapi saa nne asubuhi, wakati wenzake wanapishana begani kwa bega na mikokoteni. Mama lishe alitaka kujua kama sahani zake anazozisuuza kwenye beseni moja zinaweza kumwambukiza mteja. Fundi cherehani aliyeanza kushona barakoa za kitenge alitaka kujua aweke matabaka mangapi na mvaaji azifue vipi.

Hayo ni maswali ya afya ya umma hasa, yaliyoulizwa na watu ambao riziki yao ilikuwa mle mle ndani ya msongamano. Redioni yaliishia kupata nusu dakika. “Mpigaji, punguza sauti ya redio yako. Unaitwa nani, unapiga kutoka wapi?” Mpigaji akimaliza kujitambulisha, simu inakatika, na kipindi kinakwenda mapumziko.

Kisha ukaja ukimya. Takwimu za taifa zilitolewa kwa mara ya mwisho Aprili 29, 2020, zikionyesha wagonjwa 480 na vifo 16, na zaidi ya mwaka ukapita bila nyingine. Mwezi huohuo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizitoza kampuni tatu za matangazo faini ya Sh5 milioni kila moja kwa maudhui kuhusu korona. Mtangazaji mwenye familia ya kulisha alijifunza upesi maswali ya kuyakwepa.

Vijiwe vya Kariakoo, hata hivyo, havikunyamaza. Huko zilizungumzwa nyungu, tangawizi na malimao, na huko zilisikilizwa sauti za WhatsApp za “madaktari” wasiojulikana walipo. Swali lililokosa jibu studio lilijibiwa kijiweni, ambako hakuna anayewajibika jibu likimuumiza mtu.

Gharama ya ukimya huo tuliiona baadaye. Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, akizindua chanjo baada ya nchi kupokea zaidi ya dozi milioni moja. Wengi walisita. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, alikuwa akiipinga chanjo waziwazi, na maneno yake yalikuta masikio yaliyokaa muda mrefu bila maelezo. Mtu aliyepitisha mwaka mzima bila kusikilizwa hashawishiki kwa tangazo la sekunde 30.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba nchi hii iliwahi kuwashirikisha wasikilizaji vizuri. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili malaria au kichocho katika kijiji chake, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Waliozungumza ndio walioshika jembe, na ndiyo maana uamuzi ulitekelezwa.

Najua wapo watakaosema mchukuzi hajui virusi. Hatumwiti aeleze virusi. Daktari naye hajui lori la viazi linaingia saa ngapi usiku, watu wangapi hulishusha, wala wanalala wapi likichelewa. Wakikaa meza moja, ushauri unaotoka hapo unaweza kufuatwa.

Kwa wahariri wa redio zetu nina maombi matatu. Kila mjadala wa afya uwe na mtu mmoja anayeishi kwa kazi inayoguswa na agizo linalojadiliwa, akae kwenye kiti tangu mwanzo hadi mwisho, na alipwe nauli na siku yake ya kazi. Swali lililokosa jibu wiki hii lifungue kipindi cha wiki ijayo. Tena kipindi kitoke studio, kiende Shimoni, sokoni Kariakoo, au viwanja vya Mnazi Mmoja, watu wasikilize pamoja na waamue pamoja.

Kwa wasimamizi wa maudhui ombi ni moja: adhibuni uongo, lakini mlindeni anayeuliza. Hofu ya faini haijawahi kumponya mgonjwa.

Nawe msomaji, usisubiri janga. Redio unayoisikiliza ina namba ya simu. Wapigie wiki hii, waulize ni lini watamkalisha mchukuzi mezani pamoja na daktari, na usikate simu mpaka wakupe tarehe.