Daraja la Walalahoi Nalo Lina Madaraja

Haya mpenzi msomaji, wiki hii tuache ya nani kamuacha nani, tupande ndege. Usiangalie pembeni, wewe wa Rwamgasa ndiye ninayekusema! Siku hizi duara likitema, mshikaji hataki tena kusota ndani ya basi mpaka kiuno kife ganzi. Anachukua gari Katoro, anapita Geita, anavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, huyooo uwanja wa ndege Mwanza.

Ngoma inaanzia kwenye tiketi. Zamani tulijua ndege ina watu wa aina mbili tu: vigogo mbele, walalahoi nyuma. Siku hizi huko nyuma kwenyewe kumekatwa vipande. Mwaka 1992 Virgin Atlantic ya Uingereza iliweka daraja la katikati, kiti kikubwa kidogo na miguu inapumua. Mwaka 2012 Delta ya Marekani ikageuza kibao: ikauza tiketi ya chini kuliko ya chini, kiti huchagui, safari hubadilishi.

Novemba mwaka huohuo Fastjet ikaanza kuruka Dar–Mwanza, nauli ikianzia shilingi 32,000, kodi mbali. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Wapo walioiona ndege kwa ndani mara ya kwanza. Lakini begi la kwenda chini lililipiwa kivyake, na ile 32,000 ilikuwa ya waliowahi. Fastjet iliacha safari zake hapa nchini mwishoni mwa 2018, ila mchezo wake tumeshauzoea.

Utaniambia, mbona hata mabasi yana madaraja? Kweli. Nauli za LATRA za Desemba 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida, na 67.84 daraja la kati. Kwa kilomita 1,000 tofauti ni kama 19,000. Ila hapo unalipia basi zima lilivyo, na nauli ya juu imepangwa na serikali. Kwenye ndege mnakaa kiti kwa kiti, mnagusana magoti, mnakunywa maji yaleyale, kumbe mwenzio kalipa nusu yako na begi lake limo!

Kakuzidi nini? Kalenda tu, bwana. Yeye ana mshahara na likizo, tarehe anaijua mwezi mzima kabla. Wewe je? Dhahabu haina tarehe. Unaweza kupiga mwamba miezi mitatu kavu, halafu Jumanne mawe yakatoka karasha yanacheka, Jumatano unataka Dar. Tiketi ya Jumatano ni kisu! Na kuna baya zaidi: simu ya msiba. Anayekimbilia mazishi hana muda wa kuwahi bei, kwa hiyo mwenye machozi ndiye anayekamuliwa.

Sisemi kampuni ziuze kwa hasara. Kiti kikiruka kitupu hakirudi sokoni kesho, ndiyo maana wanapanga bei juu na chini. Na anayetaka kunyoosha miguu alipie, hiyo ni poa. Ninachogomba ni kumbana wa chini kusudi aone aibu na kuongeza hela. Kuboresha juu ni biashara, kuharibu chini ni uhuni.

Basi, kabla hujatoa mkwanja uliotoka futi mia chini ya ardhi, muulize wakala maswali matatu: begi kilo ngapi? Nikiahirisha, hela yangu inarudi? Bei hii ina kodi zote? Akijibu moja akaruka mawili, jua bei aliyokutajia bado haijaisha kupanda.

Tukutane wiki ijayo, na mfunge mikanda!