Mtoto Anataka Kwenda Kozi Mwanza

Mtihani wa kidato cha nne huanza mwezi wa Novemba. Matokeo hutoka Januari. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano hutangazwa karibu na Juni, na shule huwapokea Julai. Hesabu mwenyewe: ni miezi saba na zaidi ya kungoja. Hapo ndipo kijana anapokujia jioni, umekaa nje umechoka na jembe, akakuambia: “Baba, wenzangu wanakwenda Mwanza kusoma kozi. Na mimi nataka.”

Kozi hiyo mjini huitwa “pri-fomu faivu”. Walimu kadhaa hukodi vyumba, hubandika matangazo ukutani, kisha hufundisha masomo ya mwanzo ya kidato cha tano kabla shule hazijafunguliwa. Si shule ya serikali, wala hapana sheria inayomlazimisha mtu kwenda. Nalisema hili mapema, maana wako wazazi wanaouza ng’ombe kwa hofu, wakidhani ati mtoto asiyesoma kozi hapokelewi. La hasha. Kinachomfungulia mlango ni matokeo yake ya mtihani.

Je, ina faida? Kwa wengine, naam. Mchukue mtoto wa shule ya kata aliyechagua Fizikia, Kemia na Hesabu. Huenda amesoma miaka minne, na mwalimu wa Fizikia hakukaa zaidi ya mwaka mmoja. Kidato cha tano ataketi pamoja na mtoto aliyezoea maabara tangu utoto. Tena muda ni mfupi: aingiaye Julai hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei, hata miaka miwili haijatimia. Mtoto huyo akipata miezi miwili ya mafundisho mazuri, ataingia darasani bila kutetemeka. Ukiweza, mpeleke.

Lakini yule aliyechagua Historia na lugha, maoni yangu ni mengine. Aazime madaftari ya aliyemtangulia. Asome Kiingereza kila siku kwa sauti, hata kama mbuzi ndio wasikilizaji wake. Chuoni kwetu, tulipokuwa tukijifunza ualimu, tulifundishwa kwamba akili hushika kile inachokirudia, na kurudia hakudai nauli.

Sasa sikilizeni neno ambalo matangazo ya ukutani hayalisemi. Mtoto huenda kozi kwa tahasusi aliyoitamani, lakini serikali yaweza kumpangia nyingine. Matokeo yakitoka hupewa nafasi ya kubadili machaguo yake kwa njia ya intaneti, na tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa sana, hata sisi tuliopita shule twapotea ndani yake. Basi kumlipia mwezi wa Desemba, kabla hata alama zake hazijajulikana, ni kununua jembe kabla ya kujua kama una shamba. Ngoja Januari. Tazama alama zake. Umwite mwalimu wake, mkae watatu, mzungumze juu ya tahasusi. Kikao hicho ni bure, nacho chaweza kumfaa mtoto kuliko kozi yenyewe.

Kuna na habari ya fedha. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita imefutwa katika shule za serikali, na wazazi wengi wamepumua. Ada imefutwa, godoro halikufutwa. Fomu ya kujiunga ikifika utaona: godoro, mashuka, ndoo, sare, viatu, madaftari, na nauli ya kwenda labda Iringa au Mtwara. Na sisi wa kandokando ya ziwa twajua fedha yetu inakuja lini. Soko la pamba hufunguliwa karibu na Mei, mpunga ni baada ya hapo. Januari hadi Machi ni miezi ya kununua unga kwa kibaba. Mzazi anayetoa fedha miezi hiyo kwa ajili ya kozi, mara nyingi anakula godoro la Julai. Mtoto aliyesoma kozi halafu akachelewa shuleni wiki tatu kwa kukosa vifaa, amepata nini?

Kwa hiyo weka kwanza fedha ya Julai. Ikibaki, zungumzeni kozi. Na ikibaki ya mtoto mmoja tu, nanyi mna wawili, msikimbilie kumpeleka mvulana kwa kuwa ni mvulana. Tazameni alama.

Nimeacha jambo kubwa: atalala wapi? Mwanza ni jiji. Chumba cha kozi chaweza kuwa Nyegezi na ndugu yako anakaa Igoma, daladala asubuhi, daladala jioni. Mama mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kutaka barua ya utambulisho kwa parokia ya mjini, kwa ajili ya binti yake.

“Atakaa kwa nani, mama?”

“Kwa mjomba wake, karani.”

“Mjomba anajua anakuja kusoma, au anajua anakuja kusaidia kazi?”

Mama akanyamaza. Kisha akatoka nje na simu yake, akazungumza kwa muda mrefu chini ya mwembe. Kumbe mke wa mjomba alikuwa amejifungua juzi, na nyumba nzima ilikuwa ikimngojea binti yule abebe mtoto na kuchota maji. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyesema. Siku ile walipatana: asubuhi mpaka saa nane ni masomo, jioni anasaidia, na mama atapeleka debe la mahindi kila mwezi. Barua nikaiandika.

Wavulana nao wana yao. Mvulana hapewi ndoo wala mtoto, hupewa uhuru, na uhuru huo huishia stendi au kwenye vibanda vya kubeti, na ada ya kozi ndani yake. Kwa hiyo usimpe fedha yote mkononi. Lipa mwezi kwa mwezi, udai stakabadhi, na kabla ya kulipa omba kuingia darasani, uone mwalimu ni nani na watoto ni wangapi. Kituo kinachokukatalia kuingia, ondoka.

Tena uende kumtazama, bila kupiga simu. Ninyi wa Sengerema hamna udhuru tena: daraja la Kigongo na Busisi, kilometa tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na kungoja kivuko kumekwisha. Wa Ukerewe bado mwategemea meli, poleni, lakini hata mara moja kwa mwezi yatosha kumfanya kijana akae macho.

Anayetaka barua ya utambulisho aje ofisini pamoja na mtoto mwenyewe, maana siandiki habari za mtu nisiyemwona. Nao walioniuliza juu ya vyuo vya ufundi, kwa watoto ambao hawatachaguliwa, nitawajibu juma lijalo.