Kibao, Chaki na Kishikwambi: Ni Nani Amsikilizaye Mtoto?

Wasomaji wa umri wangu hawajasahau harufu ya wino wa chuoni. Sisi tulioanza kusoma katika miaka ya 1960 tulipelekwa kwa maalimu kabla ya kupelekwa skuli, na huko vyombo vyetu vilikuwa ubao wa mti uliopakwa chokaa, kalamu ya mwanzi, na wino wa masizi yaliyochanganywa na gundi. Maalimu alituandikia mstari, nasi tukaufuata kwa kijiti, herufi kwa herufi, kwa sauti. Ukishauhifadhi, waosha ubao wako na kuandikiwa mwingine. Usipouhifadhi, mstari ni ule ule kesho yake, na wenzako wote wauona.

Msomaji asidhani kwamba natamani siku zile zirudi. Chuoni palikuwa na bakora pia, na wako waliohitimu juzuu zote 30 bila ya kujua maana ya aya moja. Nayakumbusha haya kwa sababu ya jambo nililoliona mwaka jana katika skuli moja ya msingi hapa Pwani, nilikokwenda kumwandikisha mjukuu wangu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na vishikwambi vimepangwa rafuni, vingine bado vimo katika nailoni zake, na vumbi juu yake. Nikamwuliza mwalimu kijana aliyekuwa karibu mbona havitumiki. Akanijibu kwa adabu, “Mzee, vingi betri zake zimekufa. Na hivyo vizima, kimoja kikipotea tutaulizwa sisi. Afadhali vikae.”

Darasani mlikuwa na watoto wasiopungua 60, na chaki.

Tukumbuke vifaa hivi vilikotoka. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 wananchi waliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapata kompyuta yake. Zabuni ya kwanza ikavunjika kwa mabishano, na ilipofika 2016 ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja kikishirikiana na kampuni ya kigeni. Vilivyogawanywa vilipita milioni 1, katika skuli zaidi ya 20,000. Hiyo si kazi ndogo, na haifai kuidharau. Nijuavyo mimi, ila ilikuwa katika hesabu yenyewe: tulihesabu vifaa vilivyofika, hatukuhesabu watoto waliosoma kwavyo. Mwalimu naye alikabidhiwa dhamana ya mali kabla ya kukabidhiwa ujuzi wa kutosha wa kuitumia.

Corona ilipofunga skuli mwezi Machi 2020 tuliuona ukweli wazi. Vishikwambi vilibaki makabatini, na masomo yakatangazwa kwa redio na televisheni. Watoto wa mtaani kwangu walikaa barazani kusikiliza redio, lakini walipokosea hapakuwa na wa kuwaambia wamekosea. Mwaka uliofuata wazazi wakalalamika juu ya gharama nyingine: mtaala mpya wa umilisi ulitaka picha na kazi za kuchapishwa, na mama muuza mahamri akalazimika kupanga foleni saiba kwa ajili ya karatasi mbili.

Wako wasemao basi tuviache vitu hivi, na husema kwamba hata Uswidi imerudi nyuma. Ni kweli kwamba mwaka 2023 serikali ya Uswidi ilitenga fedha nyingi za kununulia skuli vitabu vya karatasi, na kuagiza wadogo wazidishe kusoma vitabu na kuandika kwa mkono. Mwaka huo huo UNESCO nayo ilitoa ripoti kubwa iliyoonya kwamba mashine haiwezi kushika nafasi ya mwalimu. Lakini Uswidi inapunguza baada ya kushiba. Sisi hatujaonja, na mtoto wa Faza au Kwale atakwenda kushindana kazini na waliokwisha kushiba.

Mimi naona jibu tunalo sisi wenyewe, tena la zamani. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Kurani nzima, na baadaye kanda za wasomaji wakubwa zikaenea majumbani mwetu. Makhraj yaliyo safi kabisa yakawa yapatikana kwa kubonyeza kitufe. Je, vyuo vilifungwa? Havikufungwa. Kanda ilimsomea mtoto, lakini haikumsikiliza, na kwa hiyo bado ilimpasa kukaa mbele ya maalimu asomeshwe mdomo kwa mdomo. Kila chombo kilipewa kazi yake bila ya kamati wala zabuni.

Nadhani skuli ingefuata njia hiyo. Katika madarasa matatu ya mwanzo mkono ushike penseli, na kibao cheusi cha bei rahisi kirudi, maana mwalimu mwenye watoto 60 akisema “inueni vibao” huyaona makosa yote kwa mara moja. Kishikwambi kisivyoweza chaki ndicho kisaidie: moyo unavyopiga, sauti ya Kiingereza au Kiarabu fasaha, kitabu kinachosomeka kwa sauti kwa mtoto asiyeona. Vishikwambi 10 vyatosha darasa zima wakikaa kwa mafungu. Na Wizara iwaandikie walimu waziwazi kwamba kifaa kilichoharibika kwa kutumiwa hakitadaiwa kwao. Barua hiyo moja, naamini, ingefungua stoo nyingi kuliko semina.

Mjukuu wangu mwenyewe hupenda simu ya mamake. Jumamosi asubuhi huniletea, anisikilizishe sura anayoihifadhi. Namwachia msomaji wa simuni amalize, kisha naizima na kumwambia, “Haya, sasa wewe.” Juma lililopita alikwama mara tatu pahali pamoja, akataka kuiwasha tena. Nikampa karatasi na kalamu aiandike aya ile kwanza.